Jambiani, Msomaji Mmoja

Wanangu mnaoanza kazi ya maktaba,

Nimeombwa nikuandikieni maneno ya kukutieni moyo. Aliyeniomba alinipigia simu kwa adabu, akasema vijana wapya wameajiriwa na ingefaa wasikie kutoka kwa mtu aliyekaa ndani ya kazi hii mpaka akastaafu. Nikamwambia nitaandika, lakini nimekasirika, na sijui kama hasira itanipisha. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Moyo nitakutieni, maana nakupendeni hata kabla sijakujueni. Lakini mtanistahamilia nikianza na hasira, kwa sababu inahusu kazi yenu, na imetoka kwenye karatasi moja iliyoandikwa kwamba chumba chetu cha kusomea cha Jambiani kina msomaji mmoja.

Mmoja. Jambiani!

Nitakuelezeni pole pole, kama nilivyozoea kuelezea. Mtu akinikasirisha huwa namuelezea zaidi, ndivyo nilivyo.

Nianze na Bi Thuwaiba. Yeye alikuwa mkuu wa maktaba yetu ya mjini nilipoingia kazini, na karibu kila ninachokijua nimekipata kwake. Maktaba ilikuwa ndani ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, kuta nene za mawe na chokaa, na ngazi za mbao zinazolia kila ukizikanyaga. Bi Thuwaiba alinifundisha kwamba kuta za namna ile hutoa jasho wakati wa masika, kwa hiyo rafu isigusane na ukuta. Uache upana wa kiganja nyuma yake ili upepo upite. Majuzi nimepita mahali, sipataji, nikakuta rafu mpya za thamani zimebanwa ukutani kama zimeadhibiwa. Nikapitisha kidole nyuma ya vitabu, kikatoka kijani. Alinifundisha pia kupika gundi ya unga wa ngano ya kushikizia migongo ya vitabu, na kwamba gundi hiyo ukiiacha hivi hivi umewapikia mende karamu. Sharti utie matone ya mafuta ya karafuu. Vitabu vyetu vilinukia kama jiko la siku ya Idi. Watoto walikuwa wakivinusa kabla ya kuvifungua, na sikuwakataza.

Kubwa zaidi alilonifundisha ni kimya. Bi Thuwaiba alikuwa na ufunguo mkubwa wa mlango wa nje, wa chuma, na aliugonga juu ya meza mara moja tu, tak, na watu wazima na ndevu zao wakainamisha vichwa. Siku moja karani mmoja wa bandarini alishikwa na kwikwi katikati ya gazeti.

"Bwana," akasema Bi Thuwaiba, "teremka chini ukaimalizie huko."

"Lakini Bi Thuwaiba, ni kwikwi tu, si..." Ikamkata.

"Ndiyo hiyo hiyo. Chini. Gazeti lako nakulindia."

Yule bwana akateremka, ngazi zikalia. Akapanda tena baadaye, ngazi zikalia tena, na Bi Thuwaiba akamtazama kama kwamba ngazi zile alizitengeneza yeye.

Nilimwogopa na nilimpenda. Basi nilipotumwa Jambiani, kule kusini mashariki, kufungua chumba cha kusomea, nilikwenda na kimya chake ndani ya mkoba. Nilipewa chumba kimoja katika jengo la zamani la ushirika. Nikapanga meza, nikapanga viti, nikaacha upana wa kiganja nyuma ya rafu, na juu ya mlango wa ndani nikatundika ubao wa KIMYA wenye herufi ambazo mvuvi angezisoma akiwa bado yuko majini.

Hakuja mtu. Watoto walichungulia, wakaona meza na ubao, wakadhani ni skuli nyengine, wakakimbia.

Kisha akaja Mize. Wakati ule alikuwa mwanamke kijana, mkulima wa mwani kama wenzake. Skuli aliiacha alipoolewa lakini kusoma hakukuacha. Akisoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi. Nyuma yake waliingia wanawake wengine, kila mmoja na fungu lake la miyaa, majani makavu ya kusukia, kwapani, wakiwa wanasuka ukili. Kwa wale ambao hamjawahi kuketi na bibi zenu: ukili ni ule msuko mrefu, mwembamba kama utepe, ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka au mkoba au kawa la kufunikia chakula. Hausukwi kwa haraka. Mwanamke wa shamba huusuka anapozungumza, anapouguza, anapongojea.

"Hodi, Bi Raya," akasema Mize.

"Karibuni. Mnataka vitabu?"

"Tunataka kimoja."

"Kimoja? Na wingi wote huo?"

"Nnasoma mimi. Hawa wanasikiliza."

Nikamwonesha ubao. Akautazama, akanitazama mimi.

"Kimya cha nini? Sasa wenzangu watasikiaje?"

"Maktabani kila mtu husoma kwa macho yake, Mize."

Akacheka mwanamke mkubwa kuliko wote pale, Bi Pili, mwenye ulimi wake. "Kwa macho yake! Na mikono yangu mie ifanye nini, ikae bure kama ya bibi harusi?"

Wakacheka wote. Wanawake wale wengi wao walikuwa wamehitimu chuo cha Kurani, msahafu wanausoma vizuri kwa sauti na kwa makhraji yake, kila herufi kwa tamshi lake. Herufi za skuli ndizo ambazo wengine hawakupata nafasi nazo. Tangu utotoni mwao kusoma kulikuwa ni sauti: mmoja anasoma, wengine wanafuata. Mimi nikawajia na ubao niwaambie wanyamaze.

Ubao ukashuka. Meza tukazisogeza pembeni, tukatandika mikeka. Mize akachagua kitabu cha hadithi, akaketi karibu na dirisha penye mwanga, akasoma.

Wanangu, natamani ningeweza kukuleteeni alasiri moja tu ya mle ndani. Mize hasomi kama mtangazaji. Husoma kama mtu anayekuletea habari ya jirani yako. Na wasikilizaji hawakai kama magogo. "Simama hapo, Mize!" anasema mmoja. "Huyu si alisema mumewe yuko safarini? Sasa hizo kanzu zinazoanikwa ni za nani?" Mwengine anamtetea mke, wa tatu anamtetea mume, Bi Pili anawatukana wote wawili, na mikono haisimami hata kidogo. Wakimaliza kubishana, Mize anarudi nyuma mistari michache, anaendelea. Nimekaa katika maktaba nyingi zenye watu wengi walioinamia kurasa, na sijaona pengine ambapo kitabu kimoja kilitafunwa mpaka mfupa namna ile.

Vitabu walivipima kwa ukili. Kitabu kifupi waliita kitabu cha kawa, kwa sababu kikimalizika ukili uliosukwa unatosha kawa moja. Kirefu kikaitwa kitabu cha mkeka. "Bi Raya, ukenda mjini tuletee cha mkeka, hivi vya kawa vinatukatisha utamu." Nami nikenda mjini nikichagua kwa kipimo hicho, na nikajifunza mengi ambayo hayakuwamo katika mafunzo yangu. Nilijifunza kwamba kitabu cha kusomwa kwa sauti kinataka sentensi ambayo pumzi ya mtu inaimudu. Kwamba herufi ndogo zinamchosha msomaji jioni, akaanza kuruka maneno, na wasikilizaji wanajua mara moja kama karukwa mtu. Kwamba vitabu vya afya ya mama na mtoto visisomwe mfululizo, visomwe katikati ya hadithi mbili, ndipo vinapoingia. Hayo yaandikeni mahali, yatakufaeni.

Bi Thuwaiba alipata habari. Unguja habari haihitaji barua. Akaja mwenyewe kukagua, amevaa buibui lake lililopigwa pasi, ufunguo mkononi. Nikamwekea kiti, akakaa wima kama mwiko. Mize akasalimia, akaendelea na kitabu. Ilikuwa siku ya hadithi ya kijana aliyepotelea ughaibuni na mama yake anamngojea, na palipofika pale ambapo mlango unabishwa, wanawake wakalipuka: ni yeye, si yeye, ni mdai, ni mjumbe wa msiba. Nikauona mkono wa Bi Thuwaiba unanyanyuka. Ufunguo ukapiga mkono wa kiti, tak.

"Hebu nyamazeni, nyie!" akasema. "Nisikie kama amerudi!"

Tuliporudi mjini hakunisema. Aliniuliza tu kama kitabu kile kina nakala nyengine.

Huyo ndiye aliyenifundisha. Alipenda kimya kwa sababu alipenda kitabu kisikike, na alipoona mahali ambapo kitabu kinasikika kwa njia nyengine, hakuhitaji semina kumwelewesha.

Na saa zetu pia hazikuwa saa za ofisi. Bamvua likiingia, maji yakitoka mbali, wanawake wako mwanini asubuhi mpaka jua la utosini. Ukifungua chumba wakati huo utawasomea mijusi. Tulifungua alasiri. Yakiwa maji mafu, yasiyotoka mbali, tulifungua asubuhi. Kijiji kizima kilijua, hapakuwa na haja ya kubandika ratiba. Aliyekuwa hajui ni mgeni.

Sasa mgeni akaja.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, iliamuliwa kwamba nchi iwe na dira ya pamoja ya maktaba zake za miaka ijayo. Nilifurahi, msifikiri mimi ni mtu wa kukataa kila jipya. Nataka maktaba zenye kompyuta na umeme usiokatika. Nataka mtoto wa Matemwe asome kitabu kile kile anachokisoma mtoto wa mjini, wiki ile ile. Kabla ya kuandika dira wakatumwa vijana kuhesabu wasomaji wa kila chumba. Kusini alikwenda Idrissa, kijana mwenye shahada na adabu na tableti mpya. Alifika Jambiani asubuhi ya bamvua, akakuta mlango umefungwa. Akaandika: umefungwa saa za kazi. Akarudi alasiri, akachungulia dirishani kwa heshima asiwakatize wanawake, akamwona Mize na kitabu chake, akawaona wengine na miyaa yao. Akaandika: msomaji mmoja; waliobaki, shughuli za ususi.

Hakusema uongo. Hilo ndilo linalonichoma. Aliandika alichokiona, kwa sababu aliambiwa ahesabu watu wenye kitabu mkononi, na kitabu kilikuwa kimoja.

Tukaitwa Uroa, katika hoteli ya ufukweni, kwenye mkutano wa dira. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, kiyoyozi kinavuma mpaka nikajifunika mtandio mara mbili. Tukapewa kila mmoja kitabu cha dira, kimeshachapwa, kimeshabandikwa jalada zuri. Juu ya jalada, msichana anatabasamu ndani ya maktaba yenye zulia, na nyuma yake rafu zimejaa vitabu vya maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma. Picha iliokotwa mtandaoni. Nikamuuliza mwendeshaji wa mkutano, mtu mpole mwenye kipaza sauti, "Mwanangu, kama dira imeshachapwa, sisi tumekuja kufanya nini?"

"Kuipa uhai, Bi Raya."

Uhai wenyewe ulikuwa hivi: tukagawiwa karatasi ndogo za rangi, kila mtu aandike ndoto yake ya maktaba, aibandike ukutani. Tukaandika, tukabandika. Kiyoyozi kikapeperusha ndoto zote zikaanguka chini ya meza ya chai. Mfanyakazi wa hoteli akazifagia.

Baada ya chakula likaja jedwali la vyumba vya kufungwa. Vyumba visivyo na wasomaji, vitabu vipelekwe mjini, majengo yarejeshwe kwa matumizi mengine. Jambiani ilikuwa juu kabisa. Msomaji mmoja.

Nikasimama. Sikupiga kelele, nilieleza, kama ninavyokuelezeni nyinyi. Nikasema mkeka, nikasema ukili, nikasema Mize, nikasema maji. Nikasema maktaba si mahali ambapo macho yanakutana na karatasi peke yake, ni mahali ambapo watu wanakipata kilichomo ndani ya kitabu, na Jambiani wanakipata wote kwa pamoja. Nikasema kama mnatafuta neno *pamoja* mliloliandika hapa jaladani, limeketi kwenye mkeka kule, mmekwenda mkalichungulia dirishani na kulihesabu kuwa ni moja. Watu wakapiga makofi. Mwendeshaji akangoja makofi yaishe.

"Tumepokea," akasema.

Wanangu, jihadharini na neno hilo. Mtu akikukatalia, unajua pa kuanzia kubishana. Akisema "tumepokea", umenyang'anywa mpaka ugomvi wako.

Nikatoka nje, nikasimama juani kuitoa baridi ya kiyoyozi. Idrissa akanifuata.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyehesabu?"

"Ni mimi." Akatazama viatu vyake. "Sikujua kama walikuwa wanasoma. Nilidhani wamemkuta tu pale."

"Ungeingia ndani ungejua."

"Naam. Ningeingia." Hakujitetea, na kwa hilo nikaanza kumpenda, bila ya kutaka. "Nimeomba nirudi nihesabu tena. Wamekubali. Lakini Bi Raya, nikwambie kweli, karatasi ya kuhesabia ni ile ile. Kuna nafasi ya msomaji. Nafasi ya msikilizaji hamna."

"Iongeze."

"Si yangu kuiongeza."

Siku iliyofuata nikenda Jambiani. Nilikuwa na mpango wangu: Idrissa akija akaribishwe ndani, aketi, asikilize mpaka mwisho wa sura, kisha aulize mtu yeyote mle ndani habari za kitabu, ajionee. Nikawaeleza. Mize, ambaye sasa ana wajukuu na miwani, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Akishajionea ataandika wapi? Si umesema nafasi hamna?"

Nikaanza kueleza upya, Mize akanikatiza.

"Bi Raya, wewe umetupigania, Mungu akulipe. Lakini wao wanataka nini hasa? Vitabu mikononi?"

"Ndivyo wanavyohesabu."

"Basi watavikuta mikononi."

"Mize, si kweli hiyo."

"Kweli yetu ushaipeleka Uroa kwa mdomo wako. Wamekupa nini?"

Bi Pili, ambaye ni mkongwe na ulimi wake haujazeeka, akadakia: "Mie nipeni chenye picha. Nikishikishwa kitabu siku nzima, angalau nione kitu."

Walicheka. Mimi nilikasirika nao pia, nikuambieni ukweli, nikarudi mjini bila ya kunywa chai yao. Wao walikuwa wanalinda chumba, na mimi nilikuwa nalinda maelezo yangu.

Idrissa alipokwenda nilikuwa naye garini. Tuliingia alasiri. Kimya. Kimya cha Bi Thuwaiba mwenyewe, kile cha mjini. Wanawake wote wameketi safu safu, kila mmoja na kitabu wazi mapajani, macho chini, hakuna miyaa, hakuna neno. Mize naye kainamia chake, midomo imefumbwa. Nilipata kuiona midomo hiyo imefumbwa mbele ya kitabu kwa mara ya kwanza. Idrissa akahesabu, akapiga picha, akashukuru, tukatoka.

Njiani nikamwambia, "Idrissa, wale walikuwa hawasomi."

Akaendesha kidogo. "Bi Raya, usinambie."

"Lazima nikwambie. Siku ile uliyoandika mmoja ndiyo walikuwa wanasoma. Leo ndiyo hawasomi."

"Nnajua," akasema. "Niliona. Bi mkubwa yule wa pembeni alikuwa anasinzia. Lakini nikiandika nilichokiona leo, chumba kinabaki. Nikiandika ulichonambia wewe, kinafungwa. Niandike kipi?"

Mjibuni nyinyi kama mnaweza.

Chumba kimebaki. Nafurahi kimebaki, msije mkasema huyu mama haridhiki. Dira imechapwa upya, na safari hii jalada si msichana wa mtandaoni. Ni Jambiani: wanawake wameinamia vitabu, na chini pameandikwa kuwa hayo ni matunda ya mageuzi. Nimeletewa nakala nyumbani na shukurani. Nimeiweka kabatini, nikaacha upana wa kiganja baina yake na vitabu vyangu.

Wiki iliyopita ofisi ilinipa gari nipeleke vitabu vipya Jambiani, nilivyochagua mwenyewe, vya mkeka vyote. Tulipokata kona karibu na chumba nilisikia sauti ya Mize kutoka dirishani, nikatabasamu peke yangu. Kisha sauti ikakatika. Nilipofika mlangoni, kimya. Wote na vitabu mapajani, macho chini.

Bi Pili akanyanyua jicho moja. "Loo! Ni Raya! Jamani rejesheni miyaa, si serikali!"

Miyaa ikatoka chini ya mikeka, chini ya kanga, nyuma ya rafu.

"Tushakuwa hodari, Bi Raya," akasema Mize akifuta miwani. "Tukisikia tu gari kwenye kona, vitabu juu."

"Na mimi nnajua kufunua kurasa," akasema mmoja wa wanawake vijana, "tunafunua kwa zamu, wasije wakashuku."

Walicheka mpaka wakaegemeana. Ni watu wa furaha, hawajazoea kubeba kitu kizito kwa uso mzito. Mimi sikucheka. Niliketi, nikapokea miyaa, na mikono yangu ikakataa kusuka.

Hasira ninayokuandikieni ni hiyo. Jedwali lilikosea, na jedwali hurekebishwa. Lakini tumewafanya watu wanaopenda kitabu waufiche upendo wao wakisikia gari la maktaba linakuja. Tumewafundisha kwamba tukiwepo sisi, kusoma kwao kukome, na waanze kutuigizia kusoma kwetu. Kisha tukawapiga picha.

Na gari hilo, wanangu, kuanzia sasa mtalipanda nyinyi. Kalamu mtashika nyinyi, na nafasi katika karatasi ya kuhesabia mtazichora nyinyi au wenzenu wa rika lenu. Sikuombeni mzitupe kompyuta wala mzikatae dira. Zitakuja nyengine, na nendeni mkaziandike. Nakuombeni muanze mlangoni. Gari liacheni mbali, mfike kwa miguu. Ulizeni kwanza maji yakoje, msije mkakuta mlango umefungwa mkakasirika bure. Vueni viatu, pigeni hodi, ketini kwenye mkeka. Mkipewa miyaa ipokeeni, hata kama hamjui kusuka. Bi Pili atakuchekeni, na kuchekwa naye ni makaribisho.

Mize atakutazameni juu ya miwani. Huenda mara ya kwanza asifungue mdomo, wala mara ya pili. Msimharakishe, ana sababu. Siku akivuta pumzi akaanza kusoma mbele yenu, na hakuna aliyeuacha ukili wake, hapo ndipo muhesabu. Hesabuni kila mtu aliye mle ndani, na nyinyi mjitie.